Garmin eTrex 10 mikononi mwa kijiji: mapitio kwa kamati zinazopima malisho, misitu na vyanzo vya maji

Kwa kijiji cha Tanzania ya kati kinachotaka kuweka malisho yake ya pamoja kwenye karatasi kabla mtu mwingine hajafika na ramani yake, Garmin eTrex 10, kifaa cha mkononi cha GPS kinachoonyesha mahali ulipo kwa kusoma setilaiti, inatosha. Haichukui nafasi ya mpima ardhi aliyesajiliwa. Lakini mfugaji, mrina asali au mjumbe wa kamati ya matumizi ya ardhi akiishika siku mbili atakuwa ameimudu, inavumilia vumbi la Bahi na Chemba, na betri zake zinapatikana hata kwenye duka la mnadani. Sharti lake ni moja: mipangilio yake iwekwe sawa kabla ya kutoka nje, na namba zake ziingie daftarini zikiwa kamili. Tutakaa zaidi hapo, maana hapo ndipo kazi nzuri ya wiki nzima hufia.

Kwanza, kwa nini wenyeji wapime wenyewe. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 inapoeleza maana ya ardhi ya jumla, ile isiyo chini ya kijiji bali chini ya serikali kuu, inaingiza humo na ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Maneno hayo machache ni hatari kwa watu wanaohama na mvua. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, Novemba au Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka hupata takriban milimita 500 hadi 600. Malisho ya kiangazi lazima yaachwe yapumzike wakati wa mvua, la sivyo ikifika Septemba ng'ombe hawana pa kwenda. Mgeni akipita Februari anaona nyika tupu na kuandika kwamba haina mwenyewe.

Wabarabaig, wafugaji wa Hanang, walipoteza hivyo nyanda za Basotu na jirani zake, takriban ekari 100,000, zikawa mashamba ya ngano ya NAFCO, shirika la umma la kilimo na chakula, yaliyosaidiwa na Kanada. Walipokwenda mahakamani, katika rufani ya mwaka 1985 kati ya NAFCO na Halmashauri ya Kijiji cha Mulbadaw, Mahakama ya Rufani ilisema kijiji hakikuthibitisha kwamba kiligawiwa ardhi ile kwa mujibu wa sheria. Watu walikuwa pale, mifugo ilikuwa pale, makaburi ya wazee yalikuwa pale. Kilichokosekana ni ushahidi ambao mahakama iliutambua.

Sasa kifaa chenyewe. Kina uzito wa gramu 142 hivi pamoja na betri, kioo kidogo cha inchi 2.2 kisicho na rangi, na kinapokea setilaiti za GPS za Marekani na za GLONASS za Urusi. Kioo kutokuwa na rangi ni faida: juani saa sita mchana kinasomeka vizuri kuliko simu nyingi. Hakiingii maji kikidumbukia kwa bahati mbaya, mradi mfuniko wa betri umefungwa sawasawa na kizibo cha mpira kinachofunika tundu la waya hakijaachwa wazi. Kinatumia betri mbili za AA, na mtengenezaji anataja saa 25 za kazi. Betri za bei ya chini kabisa hazifiki huko. Nunueni za alkalaini, au za kuchaji, kisha mwambieni kifaa ni aina gani mmeweka, kwa sababu kisipoambiwa kipimo chake cha chaji kinadanganya. Msichanganye betri mpya na kuukuu. Kwa kazi ya siku tatu, jozi tatu zinatosha na akiba inabaki.

Kasoro mbili zijulikane mapema. Hakina Kiswahili, hivyo mtu wa kwanza kukijua achore kadi ya vitufe na kurasa zake kwa Kiswahili, kadi hiyo ikae ndani ya mfuko wa kifaa. Pia hakina dira ya sumaku ndani, kwa hiyo mshale wake unaonyesha mwelekeo sahihi mkiwa mnatembea tu. Mkisimama unayumba, na aliyesimama akaufuata atapelekwa pori lisilo lake.

Kuna sehemu inayoitaka kamati iketi mezani kabla ya safari, nayo ni datamu na zoni.

Datamu ni msingi ambao koodineti, yaani namba zinazoonyesha mahali, zinahesabiwa juu yake. Karatasi za ramani za zamani za Tanzania za kipimo cha 1:50,000, ambazo bado ziko kwenye makabati ya halmashauri, zimechorwa kwa datamu ya Arc 1960. Kifaa kikitoka dukani kinaonyesha WGS 84. Mahali pale pale, kwa datamu hizo mbili, namba zinapishana karibu mita 300 kwa upande wa kaskazini na kusini, na karibu mita 90 kwa mashariki na magharibi. Chukua mpaka wa kilomita 8 unaokwenda mashariki hadi magharibi: mita 300 zikipotea pale ni hekta 240. Vijiji viwili jirani, kimoja kikisoma datamu hii na kingine ile, vitagombana kwa nia njema kabisa, kila kimoja kikiwa na kifaa kinachofanya kazi.

Muulizeni Afisa Ardhi wa wilaya ramani ya kijiji na cheti cha ardhi ya kijiji vimetumia datamu gani, kisha wekeni hiyo hiyo. Kwenye kifaa, fungueni ukurasa wa mipangilio, sehemu ya muundo wa koodineti: chagueni UTM, mfumo unaotaja mahali kwa mita za mashariki na za kaskazini, kisha datamu. Mkichagua Arc 1960, hakikisheni duaradufu (umbo la dunia linalotumika katika hesabu) inayoonekana chini yake ni Clarke 1880. Halafu nendeni kwenye bikoni au nguzo ya upimaji ambayo wilaya inazo namba zake, msome. Tofauti ikiwa mita 3 hadi 10, endeleeni. Ikiwa kama mita 300 kwa namba ya kaskazini, datamu siyo.

Jambo moja linalowachanganya hata waliozoea: kifaa kinahifadhi pointi kwa WGS 84 ndani yake siku zote, na kubadili datamu kunabadilisha tu namba inayoonekana kwenye kioo. Faili likitolewa kwa waya liko salama. Hatari iko daftarini. Mtu akiandika pointi 20 asubuhi, mwenzake akabadili datamu wakati wa chakula, na pointi 15 za jioni zikaandikwa, ukurasa mmoja unakuwa na ramani mbili ndani yake na hakuna anayejua. Kwa hiyo kila ukurasa wa daftari ubebe juu yake datamu, zoni, tarehe na jina la aliyeshika kifaa.

Zoni, yaani kanda ambazo UTM inaigawa dunia, kila moja na namba zake za mashariki, ni tatizo la kwetu hasa. Mstari wa longitudo ya nyuzi 36 mashariki, unaotenganisha zoni ya UTM ya 36 na ya 37, unapita takriban kilomita 28 mashariki ya katikati ya Jiji la Dodoma na kuikata Wilaya ya Chamwino. Bahi, Manyoni, mji wa Kondoa, Hanang na bonde la Yaeda viko zoni 36. Kongwa, Mpwapwa na Kibaya ya Kiteto viko zoni 37. Ukivuka mstari huo kwa miguu, namba ya mashariki inaruka ghafla kutoka kama 832,000 hadi kama 168,000. Kifaa hakijaharibika. Kimebadili zoni chenyewe, kama kilivyoundwa. Lakini asiyeandika zoni anakuwa na pointi ambayo mtu wa ofisini ataichora mamia ya kilomita kutoka ilipo. Njia fupi ya kukagua daftari: namba ya mashariki ina tarakimu 6, ya kaskazini ina tarakimu 7 na kwa kanda yetu inaanza na 9. Zikiwa kinyume, mwandishi amezibadilishana.

Uwanjani, kifaa kilicholala kabatini miezi kadhaa kiwashwe mahali pa wazi na kuachwa robo saa kabla ya pointi ya kwanza, kijue setilaiti ziko wapi. Kila kona, simameni, subirini kipimo cha makosa kishuke hadi mita 5 au chini, ndipo mhifadhi. Mbuyu ni alama nzuri ya mpaka, na mipaka mingi ya Ugogoni inautumia, lakini msisimame mmeegemea shina: linaziba nusu ya anga. Sogeeni hatua 15 kuelekea upande unaojulikana, chukueni pointi hapo, muandike umbali na upande mbuyu ulipo. Chini ya miamba na ndani ya korongo refu tatizo ni lile lile.

Msipoteze muda kuandika majina ya mahali ndani ya kifaa kwa kile kijiti chake cha kuchagulia herufi. Acheni kihifadhi kwa namba yake, 001, 002, na jina liandikwe daftarini kwa lugha ya wenyeji kama wanavyolitamka. Jina la Kisandawe au la Kihadzabe la kisima ni ushahidi mzuri zaidi wa matumizi kuliko koodineti yake, kwa sababu linaonyesha nani alikijua kwanza.

Kwa kona yenye mgogoro, hasa panapokutana vijiji vitatu, tumieni kipengele cha wastani. Kitabu cha maelekezo kinashauri sampuli 4 hadi 8 zikipishana angalau dakika 90. Kwa vitendo, chukueni mkienda, mkirudi, na tena kesho yake. Kufuatilia njia kwa kutembea huku kifaa kikirekodi kunafaa kwenye korongo na mapito ya mifugo yanayojipinda. Kwenye mpaka ulionyooka hakufai: kila mlipokwepa mchongoma panageuka kuwa kona ya mpaka.

Watu wa kutembea nao ni sehemu ya kipimo. Wawepo wazee kutoka vijiji vyote viwili vinavyopakana, wanawake wanaojua kuni na maji vinatoka wapi, vijana wanaochunga sasa hivi, na watendaji wa vijiji vyote. Mpaka uliopimwa na upande mmoja, hata ukiwa sahihi kwa sentimita, utapingwa. Mwisho wa kila siku daftari lisomwe kwa sauti, pande zote zitie sahihi au dole gumba hapo hapo, kabla watu hawajatawanyika.

Kuhusu eneo, kifaa hiki kina kikokotoo: mnaanza, mnazunguka, kinatoa hekta. Kiaminini kwa maeneo makubwa tu. Hesabu yenyewe ni hii. Ekari moja yenye umbo la mraba ina upande wa mita 64 hivi na mzunguko wa mita 254. Kosa la mita 5 pande zote linaweza kuongeza au kupunguza karibu theluthi ya ekari hiyo. Malisho ya hekta 1,000 yana mzunguko wa kilomita 12.6, na kosa lile lile ni hekta 6, chini ya asilimia 1. Ndiyo maana kifaa hiki kinawafaa wenye ardhi ya pamoja, na kumpimia mtu shamba la urithi la ekari mbili kwa hiki ni kumtafutia kesi na ndugu zake.

Msipime mpaka peke yake. Mpaka unaonyesha ukubwa, na sheria inauliza matumizi. Chukueni pointi za visima, malambo, majosho, sehemu za chumvi, maboma ya kiangazi, mapito ya kwenda mnadani, sehemu zinazofungwa msimu wa mvua ambazo Wamasai wa Kiteto wanaziita alalili, na makaburi. Kila pointi na miezi yake: panatumika kuanzia lini hadi lini, na nani. Jedwali la pointi 60 lenye miezi linajibu ile hoja ya ardhi isiyotumika vizuri kuliko hotuba yoyote. Kuhusu sehemu za matambiko na miti ya asali, kubalianeni kwanza kama ziandikwe. Zikiandikwa, ziwe kwenye daftari la pili linalokaa kwa wazee, zisiingie kwenye faili linalosafiri. Koodineti ikishatoka haiitwi irudi.

Karatasi zinazofuata zina mpangilio wake. Ramani ya mpango wa malisho inapita Halmashauri ya Kijiji, kisha Mkutano Mkuu wa Kijiji, na ardhi ya pamoja inaandikwa kwenye rejesta yake katika masijala ya kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inaruhusu kundi kuomba hati ya hakimiliki ya kimila, na Halmashauri ya Kijiji inatakiwa kutoa uamuzi ndani ya siku 90 tangu kupokea maombi. Muhtasari wa mkutano utaje namba za pointi na datamu. Ukisema tu "eneo la malisho limepitishwa", mtu anaweza kulihamisha kwa kalamu. Nakala ziwe tatu: masijala, mwenyekiti wa kamati, wilayani, na ya wilayani igongwe mhuri wa kupokelewa.

Kwamba njia hii inashika, upo ushahidi wa karibu. Wahadzabe wa bonde la Yaeda walipata hati ya kimila ya pamoja mwaka 2011 wakisaidiwa na shirika la Ujamaa Community Resource Team, na mwaka 2016 Edward Loure wa shirika hilo alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman kwa kazi ya hati za jamii zinazolinda zaidi ya ekari 200,000 kaskazini mwa nchi. Kiteto, vijiji vya Orkitikiti, Lerug na Ngapapa viliunganisha malisho yao katika eneo moja la OLENGAPA, kwa sababu ng'ombe hajui kijiji kimeishia wapi na mvua hainyeshi kwa kufuata mipaka. Vijiji vinavyotaka kufanya hivyo vipime kwa datamu moja tangu siku ya kwanza.

Sababu mpya ya kuharakisha ni biashara ya kaboni, yaani kulipwa kwa kutunza misitu na nyika zinazohifadhi hewa ya ukaa ambayo wengine wanaitoa. Tanzania ina kanuni zake za mwaka 2022, na kituo cha taifa cha kusimamia kaboni kiko Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Malipo yanategemea hekta na kilichomo. Mnunuzi anakuja na ramani ya setilaiti na idadi ya hekta aliyoihesabu mwenyewe, na kijiji kisicho na namba yake kinasaini namba ya mgeni. Tabianchi imeharibiwa zaidi na moshi wa mbali sana na kijiji kama Kwa Mtoro, Chemba, na si haki anayechelewa kupata mvua ndiye atiwe uzio ili mwingine aendelee kuchoma mafuta. Kondoa wanajua uzito wa jambo hili. Mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa kwenye eneo lililomomonyoka la milima ya Irangi chini ya mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma (HADO). Miti ilirudi, na gharama ya kurudi kwake ilibebwa na waliotakiwa kuondoa mifugo yao. Azimio la Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu wa Asili, ambalo Tanzania ililipigia kura ya ndiyo tarehe 13 Septemba 2007, linataka ridhaa huru, ya mapema na yenye taarifa kamili. Taarifa kamili huanza na kijiji kujua hekta zake.

Mbadala je? Simu yenye programu ya ODK Collect au KoboToolbox inafanya kazi bila mtandao, inapiga picha na kurekodi sauti ya mzee akieleza mpaka, na fomu zake mnaziandika kwa Kiswahili. Kwa hilo inaishinda eTrex. Inashindwa kwenye chaji na juani, na kamati ikitumia simu ya mtu binafsi, siku akiiuza na data inaondoka. Mpango unaofaa ni vyote viwili: eTrex kwa pointi za mpaka, simu moja kwa picha na maelezo. Garmin eTrex 22x ya mwaka 2019 ina kioo cha rangi na nafasi ya kadi ya kumbukumbu; mkiwa na fedha, chukueni hiyo, mipangilio ya datamu ni ile ile.

Mkinunua kilichotumika, kiwasheni nje ya duka, mahali pa wazi, msikubali kijaribiwe chini ya bati. Fungueni mfuniko wa betri muangalie kutu ya kijani kwenye vyuma. Jaribuni kijiti pande zote nne na kukibonyeza, ombeni waya wake, kisha futeni pointi zote za mwenye nacho wa zamani mbele yake. Mkikihifadhi baada ya msimu, toeni betri: zikivujia ndani, hakuna fundi wa kukirudisha. Kikabidhiwe kwa daftari la kusaini, na funguo za kabati ziwe kwa watu wawili wa vitongoji tofauti.